Ukali wa Muthiga na Kinywa cha Kiwavijeshi

Muthiga, au Warburgia ugandensis kwa jina la kisayansi, ni mti wa misitu ya nyanda za juu, na jina lake la Kikikuyu linajulikana kuanzia Kagio hadi Nyeri. Gome lake hutafunwa kutuliza tumbo na kikohozi. Majani nayo huwasha ulimi kama pilipili.

Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walitangaza kemikali waliyoipata katika miti ya jamii hii, wakaiita warburganali. Jaribio lililoitambulisha lilikuwa jepesi kiasi cha kupendeza. Jani la mahindi lilikatwa vipande vya duara. Baadhi vikachovywa katika kemikali iliyoyeyushwa, vingine katika kiyeyushi kitupu. Viwavijeshi wenye njaa waliachiwa wajichagulie. Walikula vile visivyo na kemikali na kuvisusa vingine, hata pale kemikali ilipokuwa sehemu moja tu kati ya milioni 10.

Sababu ya kususa iko kinywani. Kiwavi ana vinyweleo vidogo vyenye seli zinazoonja sukari, na ujumbe wa seli hizo ndio unaomfanya aendelee kutafuna. Mwaka 1977 W. C. Ma, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, alionyesha kwamba seli zilizoguswa na warburganali huacha kuitikia sukari. Molekuli hiyo ina aldehidi mbili zilizo jirani, ambazo hudhaniwa kushikamana na vikundi vya salfa vilivyo kwenye protini za seli. Sisteini, asidi amino yenye salfa, ikichanganywa nayo huinasa kwanza, na seli hunusurika.

Umbo nalo huamua mengi. Poligodiali, ndugu wa warburganali, ni kali na humzuia mdudu kula. Pacha wa poligodiali ambaye aldehidi yake moja imegeuzwa upande hana ukali wala kinga. Kwa hiyo mzee anayeonja gome kwa ulimi anapima kitu kilekile kinachomfukuza kiwavi, na ujuzi huo unastahili heshima ya maabara.

Warburganali iliundwa kimaabara mwaka 1979, lakini kwa hatua nyingi mno, na hudhuru pia seli nyingine hai. Dawa ya shambani haikutokea. Magome yaliendelea kubanduliwa kwa ajili ya tiba, na muthiga uliobanduliwa pande zote hufa. Majani yana kemikali za ukoo huohuo, na yakichumwa kwa kiasi huchipua tena.