Kutoka BA- hadi BI-: Uhakiki wa Msamiati wa Uenyeji katika Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili aghalabu hushughulikia riwaya, ushairi na tamthilia. Hotuba za siasa huachiwa wanasayansi ya siasa, na vifungu vya sheria huachiwa wanasheria. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini una hasara pia: maneno yanayoamua nani akae mjini na nani afukuzwe hupita mbele yetu bila kuhakikiwa na wale waliosomea maneno.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi dogo la maneno ya aina hiyo: mwenyeji, mgeni, kilulu, na walio wachache. Uwanja wetu ni Katanga ya kusini, hasa miji ya migodi kama Kambove, Likasi na Kolwezi. Pamoja na hayo tunahoji kauli moja ambayo sisi wanafunzi na walimu wa lugha hii tumeizoea mno, yaani kwamba Kiswahili, kwa kuwa si lugha ya kabila lolote nchini Kongo, kwa tabia yake hujenga umoja wa taifa. Tutajaribu kuonyesha kwamba kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyoachwa imewagharimu watu wengi makazi yao.

2. Lugha ya kambi

Kabla ya kampuni, shaba ya Kambove ilikuwa na wenyewe. Basanga na majirani wao walichimba na kuyeyusha madini hayo vizazi vingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Kampuni ilihitaji watu wengi kuliko nchi ile ilivyoweza au ilivyokubali kutoa. Ikaajiri kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Katika miaka ya 1920 ikaanza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 1928 reli ya BCK ilipounganishwa na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, njia ya kutoka Kasai ikafunguka kabisa.

Kiswahili kilikua katika mazingira hayo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili migodini hakukutokea kwa bahati tu: kulifungamana na haja ya wakubwa ya kupata lugha moja ya kazi, na pia kuitenga Katanga na mvuto wa makoloni ya Kiingereza ya kusini. Kwa hiyo tangu mwanzo lugha hii ilikuwa na nyuso mbili. Iliwakutanisha watu ambao wasingeelewana, na papo hapo iliwakutanisha kwa masharti ya mwajiri.

Hata hivyo watu wa kambi waliipokea lugha hiyo wakaifanya yao. Ushahidi mmojawapo ni ile *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, na kuchapishwa tena na Fabian mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Jina la kitabu linaahidi orodha ya maneno, lakini ndani yake tunapata historia, nayo inasimuliwa na mabohi. Kinachotuvutia hapa ni nafasi ya msimuliaji. Hasemi kama mjumbe wa kabila. Anasema kama mjumbe wa kazi. Mstari mkuu unaogawa ulimwengu wake ni ule uliopo kati ya bwana na mtumishi. Mwandishi huyu alitunga miaka miwili tu baada ya kwisha kwa utengano wa Katanga, wakati ambapo siasa ilikuwa imekwisha kuchora mistari mingine. Basi tusiseme kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuwa na msamiati wa kuwaweka watu pamoja. Kilikuwa nao. Swali ni kwa nini msamiati huo ulishindwa.

3. Kilulu na ngeli yake

Malalamiko ya wenyeji hayakuzuliwa. Nafasi nyingi za ukarani na ufundi zilishikwa na watu wa Kasai, na katika uchaguzi wa manispaa wa 1957 mjini Elisabethville viti vya umeya wa komini za Waafrika vilichukuliwa na watu waliohesabiwa kuwa wageni. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaundwa kutetea wale waliojiita Wakatanga halisi. Utengano ukatangazwa tarehe 11 Julai 1960. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji. Tukumbuke kwamba Baluba wa Katanga wenyewe, waliofuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, waliteswa na dola iliyodai kusimama kwa ajili ya Wakatanga. Mpaka kati ya mwenyeji na mgeni haukuwa umechorwa na ardhi. Ulichorwa na siasa.

Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1990, mpaka huo ulichorwa upya. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga na kiongozi wa chama cha UFERI. Gavana wa Shaba wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa wa chama hichohicho, na katika hotuba zake za hadhara neno bilulu lilitumiwa kuwataja watu wa Kasai. Kuanzia Likasi mwaka 1992, kisha Kolwezi mwaka 1993, nyumba zilivamiwa, watu wakafukuzwa kazini, na mamia ya maelfu wakalazimika kuondoka. Wengi walilala majuma na miezi kwenye vituo vya reli wakingoja treni. Wengine walikuwa wamezaliwa Katanga, wala hawakuwahi kuiona hiyo Kasai waliyoambiwa warudi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga kilulu ni mdudu. Wingi wake ni bilulu, kwa kuwa kiambishi bi- kinachukua nafasi ya vi- ya Kiswahili sanifu. Watu nao huitwa bantu, kwa kiambishi ba-. Kutoka ba- hadi bi- ni hatua ya irabu moja tu. Lakini irabu hiyo inamtoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ambayo kwa kawaida huhifadhi vitu, vyombo na vilivyodunishwa. Kiswahili sanifu pia kina maneno machache ya ngeli hiyo yanayowataja binadamu, kama vile kipofu, kiziwi na kiwete. Katika maneno hayo mtu hutajwa kwa upungufu aliodhaniwa kuwa nao. Neno bilulu linakwenda mbali zaidi, kwa sababu halitaji upungufu wa mtu bali linafuta utu wake.

Sitiari ya mdudu ina mantiki yake ya ndani, na hapo ndipo hatari ilipo. Mdudu hana kwao. Popote alipo amevamia. Mdudu hahesabiwi mmojammoja, bali hutajwa kwa wingi. Tena mdudu hashitakiwi wala hahukumiwi: hufagiliwa. Msikilizaji akiisha kuikubali sitiari, hahitaji tena amri. Kitendo kimekwisha kuwamo ndani ya jina. Kwa sababu hiyo tunakataa utetezi unaosema kwamba yale yalikuwa maneno tu ya jukwaani.

Wala Katanga haikuwa peke yake. Nchini Rwanda neno inyenzi, yaani mende, lilitangazwa na redio ya RTLM katika miaka ya 1993 na 1994. Nchini Kenya neno madoadoa lilitumiwa katika Bonde la Ufa kuwataja watu wa makabila mengine, na mwaka 2022 tume ya taifa ya uwiano na utangamano ililitia katika orodha ya maneno ya chuki. Doa na mende ni mbalimbali, lakini vyote viwili huita usafi. Anayewaita majirani wake kwa majina hayo ameshajipa kazi ya kusafisha.

4. Nani ni wachache?

Tukija kwenye neno walio wachache tunakuta utata wa namna nyingine. Nani alikuwa mchache mjini Kambove? Mtu wa Kasai aweza kujibu kwamba ni yeye, kwa kuwa hakuwa na mfalme, ardhi wala gavana wa kumlinda. Msanga aweza kujibu kwamba ni yeye, kwa kuwa kambi ilijengwa juu ya nchi ya babu zake nayo ikajaa watu wa mbali hata lugha yake ikanyamaza sokoni na shuleni. Majibu yote mawili ni ya kweli. Uchache basi si hesabu ya vichwa tu. Ni hali ya mtu ambaye kundi lake halina nguvu katika jambo fulani na mahali fulani. Mtu mmoja aweza kuwa mwingi ofisini na mchache mbele ya sheria ya ardhi.

Kosa la siasa ya uenyeji si kusema kwamba Msanga ana haki. Kosa lake ni kudai kwamba haki hiyo hulipwa kwa kumnyang'anya mwingine haki yake. Deni lilikuwa la kampuni na la dola. Likadaiwa kwa jirani wa nyumba ya pili. Isitoshe, kufukuzwa kwa mafundi na makarani hakukuwarudishia Basanga mgodi.

Neno mwenyeji lina upande mwingine ambao haki inatulazimisha kuutaja. Katika jimbo la Tanganyika, ambalo hadi mgawanyo wa 2015 lilikuwa sehemu ya Katanga, mapigano kati ya Batwa na Baluba yamewatesa watu tangu mwaka 2013. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za Mbilikimo inawatambua kuwa wenyeji wa asili, na kwa jina hilo inawapatia ulinzi ambao hawakuwa nao. Kumbe neno lililokuwa mkuki mjini Likasi laweza kuwa ngao msituni. Tofauti ni hii: Mtwa hulitumia neno hilo kuomba aingizwe katika haki ambazo wengine wanazo tayari, mwanasiasa wa 1992 alilitumia kuwatoa wengine katika haki walizokuwa nazo.

5. Sheria na tafsiri yake

Yaweza kudaiwa kwamba haya yamekwisha, kwa kuwa nchi ina katiba nzuri. Ni kweli kwamba Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu uhuru wa kwenda na kukaa popote. Na kifungu cha 51 kinaiwajibisha Serikali kuhakikisha makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na kuwalinda walio wachache. Lakini tangu mwaka 1966 palikuwapo sheria ya kuadhibu chuki za kikabila, wala haikuzizuia hotuba za 1992. Sheria iliandikwa kwa Kifaransa. Chuki ilisemwa kwa Kiswahili.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyohiyo kinataka sheria zienezwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa katika siku sitini. Kazi hiyo si ya uchapaji tu. Mtafsiri anayefika kifungu cha 51 hana budi kuchagua: je, aandike makabila madogo, watu wachache, au walio wachache? La kwanza linadunisha. La pili linahesabu vichwa. La tatu linaelekea zaidi kwenye hali tuliyoieleza, ingawa nalo linahitaji kufafanuliwa. Vilevile maneno ya Kifaransa *originaire* na *non-originaire*, ambayo bado yamo vinywani mwetu kila nafasi ya kazi inapogawanywa, hayana budi kuulizwa asili hiyo ni ya lini. Kifungu cha 10 kinapima uraia wa asili kwa makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru. Hakisemi kwamba mtu wa Kasai huwa raia nusu akivuka mto Lubilash.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili cha Katanga kilimpa André Yav lugha ya kusimulia maumivu ya watumishi wote pamoja, na lugha hiyohiyo ikampa msemaji wa jukwaani neno la kuwafagia watu kama wadudu. Lugha isiyo na kabila haina ulinzi wa asili dhidi ya ukabila. Kusema kwamba Kiswahili hujenga umoja ni sawa na kusema kwamba barabara hujenga urafiki: kwa barabara hupita mgeni wa heri, hupita na jeshi.

Kwa maoni yetu, umoja wa taifa hauji kwa kuyasahau makundi, wala kwa kuyapanga wenyeji mbele na wageni nyuma. Huja pale ambapo kila kundi lina hakika kwamba siku litakapokuwa chache, mahali popote, halitaitwa jina la kulitoa katika utu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba maneno tuliyoyataja hapa yaingizwe katika masomo ya isimujamii ya vyuo vyetu, yafundishwe pamoja na miaka na miji yake, na kwamba kamusi ya Kiswahili cha Katanga itakapotungwa isiliruke neno kilulu. Iliandike pamoja na maana zake zote mbili, ili mwanafunzi aliyezaliwa baada ya 1993 ajue kwamba moja kati ya hizo iliwahi kujaza vituo vya reli.