Sifa kwa Wasioliacha Gari Lilale

Gari la zamani la Kitaliano haliuawi na safari. Linauawa na kupumzishwa. Lifunike turubai miezi michache uone: mipira ya sili hukauka na kupasuka, petroli iliyobaki kwenye kabureta huganda kama ulimbo, mafuta ya breki hufyonza unyevu, kutu huila eksozi kutoka ndani, na betri hufa. Mwenye gari akirudi siku ya sikukuu akalikuta haliwaki, atasema Wataliano hawajui kutengeneza magari. Lakini wapo wenye Alfa Romeo Giulia, Fiat 124 Spider na Lancia Fulvia, magari ya spoti ya miaka ya 1960, ambao huenda nayo kazini na sokoni, na magari hayo huwaitika. Siri yao ni mazoea: kila siku wanayawasha, wanayasikiliza, wanayarekebisha kidogo.

Ufundi huo wa kuishi na chombo cha zamani ndio ninaotaka kuusifu. Ushahidi wake siufuati Turin wala Milano. Umepita hapa wilayani Kilosa, katika barabara inayoikata Mikumi.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake haramu. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikajikuta imefungiwa mlango wa kusini. Mlango mkuu uliobaki ulikuwa Dar es Salaam. Mapipa ya petroli na dizeli yakaanza kusafirishwa kwa malori kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Zambia, na malori yakarudi na shaba. Barabara sehemu kubwa ilikuwa ya udongo: vumbi kiangazi, utelezi masika. Wazungu walioiendesha waliibandika jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kitaliano ya Intersomer, ziliunda kampuni ya usafirishaji ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake yakawa ya Fiat. Mwaka 1968 Wataliano wengine, kampuni ya Snam, walikamilisha bomba la TAZAMA, urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mafuta yakapata njia yake ya chini ya ardhi, lakini malori hayakukosa kazi. Shaba, mashine, unga na saruji viliendelea kusubiri magurudumu.

Lori lililojulikana zaidi barani Afrika katika ukoo huo wa Fiat ni 682, lililoanza kuundwa mwaka 1952. Silinda sita zimesimama kwa mstari, lita kumi na ushei, dizeli. Stelingi yake ilikuwa kulia hata kwao Italia, ingawa kule magari hupita upande wa kulia wa barabara. Malori makubwa ya Kitaliano yalijengwa hivyo kwa miaka mingi ili dereva wa milimani aweze kuchungulia ukingo wa barabara na kuona gurudumu lake limebakiza kiasi gani kabla ya korongo. Kwetu tunaopita kushoto, stelingi hiyo ilikaa mahali pake bila kuhamishwa.

Lakini lori hilo halikumpa heshima mtu asiyelijua. Gia boksi yake haina sinkro, kwa hiyo meno ya gia hayasubiriani. Dereva ndiye anayeyapatanisha. Akitaka kushuka gia hukanyaga klachi, huitoa gia iliyopo, huiachia klachi, hupiga resi kiasi ili injini ifikie mwendo unaotakiwa na gia ya chini, hukanyaga klachi mara ya pili, ndipo huingiza gia. Haya yote hufanyika kwa muda wa pumzi moja, huku lori likipoteza kasi mlimani na tela likivuta nyuma. Resi ikizidi, gia inakwaruza. Ikipungua, inakataa. Hakuna saa inayoonyesha kipimo chake. Kipimo ni sikio, na nyayo zinazopokea mtetemo wa sakafu.

Ukitoka Mikumi, ukapita Ruaha Mbuyuni, utafika mlima wa Kitonga, na huko ufundi huu huwa ni suala la uhai. Breki zikipata moto hupoteza nguvu ya kushika, kwa hiyo lori lililosheheni hushikwa na injini yenyewe. Madereva wana kanuni yao: teremka kwa gia uliyopandia. Aliyeshindwa kuingiza gia katikati ya mteremko amebaki na breki peke yake, na mbele yake kuna kona. Dereva wa Fiat alimaliza uamuzi wake juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza, na hiyo ndiyo alama ya fundi wa kweli wa kazi yoyote: matatizo makubwa huyatatua yakiwa bado madogo.

Pembeni yake aliketi utingo, na mchango wake hauandikwi popote. Yeye ndiye aliyeruka chini na kuweka gogo nyuma ya tairi, aliyepiga grisi kwenye pini za springi, aliyeshika tochi usiku. Dizeli ikiisha njiani, hewa huingia kwenye mabomba, na lori haliwaki hata tangi likijazwa. Hapo unalegeza nati ya chujio, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, unakaza, kisha unafanya hivyo kwenye nozeli, moja baada ya moja. Injini inakohoa, inashika. Utingo aliyeyaona hayo mara kadhaa alikuwa ameshaanza kuwa fundi, na kesho yake angekuwa dereva. Shule yake ilikuwa ni barabara.

Magari ya spoti ya Kitaliano yanaishi kwa sheria hiyo hiyo. Fiat iliinunua Lancia mwaka 1969, na magari ya Lancia yakaja kushindana Afrika Mashariki. Mwaka 1975 Sandro Munari alishika nafasi ya pili katika Safari Rally kwa Lancia Stratos. Mwaka 1988 na 1989 Miki Biasion akaishinda kwa Lancia Delta Integrale. Tunalikumbuka jina la dereva. Lakini magari hayo yalifika mwisho kwa sababu katika kila kituo cha matengenezo mafundi waliingia chini yake, wakakaza kilicholegea na kubadilisha kilichochoka kabla hakijavunjika. Dereva wa lori na utingo wake walifanya kazi ile ile bila kikosi cha mafundi, bila helikopta juu, na bila kombe mwishoni.

Watu wa Munisagara wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kituo chao kipo kwenye Reli ya Kati, kando ya Mto Mkondoa, magharibi ya mji wa Kilosa. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Kilosa mwaka 1909. Chombo kilichopita karne moja hakikudumu kwa uimara wa chuma pekee. Kimedumu kwa sababu watu wa gengi hutembea kwa miguu juu ya mataruma, wakitazama bolti, kokoto na tuta. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikakatika kwa miezi. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma kwenye reli mpya yenye mahandaki milimani. Nayo itadumu kwa kadiri ya macho yatakayoitazama kila siku.

Leo malori yanayopita Mikumi yana kompyuta. Taa ikiwaka kwenye dashibodi, dereva hupiga simu na kusubiri. Siyalaumu magari hayo. Yanabeba zaidi na yanaokoa maisha. Ninachokililia ni sikio la dereva. Wazee walioziendesha Fiat zile bado tunao Kilosa, Mikumi na Morogoro, na vyuo vya ufundi tunavyo. Waalikwe darasani wangali na sauti. Wawafundishe vijana kusikia klachi inayoteleza, beringi inayolia, nozeli isiyopulizia sawasawa, kabla kompyuta haijasema lolote. Na kijana atakayejaliwa kupata gari la zamani, liwe Alfa la baba au lori la Fiat, asilifunike. Aende nalo kazini Jumatatu, alifungue boneti Jumanne, na akirithi funguo arithi na kazi yake.