Rees Odhiambo na Elimu ya Miguu

Sisi wakazi wa Naivasha, ambao mapenzi ya raga hutupeleka Nakuru kila yanapowadia mashindano ya Prinsloo, tumezoea kwamba amzuiaye mtu asiye na mpira hupigiwa filimbi papo hapo. Kwa hiyo ni shani kwetu kusikia kuwa katika futiboli ya Kimarekani wamo watu watano, kila kikosi, ambao kuzuia wasio na mpira ndiyo riziki yao, na ambao kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Miongoni mwao alikuwa Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1992, aliyesoma Texas, akachezea Chuo Kikuu cha Boise State, na mwaka 2016 akachaguliwa na Seattle Seahawks, wa 97 katika orodha ya vijana wote wa mwaka ule.

Mwenye kumtazama mtu wa kilo 140 hudhani kazi yake ni nguvu tupu, ilhali siri yake i miguuni. Mlinzi wa nje wa kushoto, ambaye huhifadhi mgongo wa mrushaji atumiaye mkono wa kulia, hurudi nyuma kimshazari kwa mguu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na mikono imetangulia kumfikia adui kifuani, kwani atakayeitia mikono yake ndani kwanza ndiye atakayemwongoza mwenziwe. Mlinzi wa ndani hana nafasi hiyo. Adui wake, aghalabu mzito kumshinda, humjia uso kwa uso, naye hana budi kushusha nyonga na kukita pale pale. Fauka ya hayo, ahamishwaye kutoka kushoto kwenda kulia hupinduliwa hatua zake zote.

Hayo yalidhihirika tarehe 14 Januari 2017 mjini Atlanta, katika mechi ya mtoano. Seattle walikuwa mbele kwa 10 dhidi ya 7, nao wamesongwa karibu na mstari wa goli lao, wakati Odhiambo, aliyekuwa stadi wa upande wa kushoto tangu Boise, alipokuwa amejaza pengo la Germain Ifedi, mlinzi wa ndani wa kulia aliyeumia. Alisukumwa, akarudi nyuma, akamkanyaga mrushaji wake mwenyewe, Russell Wilson, ambaye alianguka ndani ya eneo la goli lao. Atlanta wakapewa pointi 2 pamoja na mpira, na hatimaye wakashinda 36 kwa 20.

Agosti 2017 goti la George Fant lilipoharibika, Odhiambo alirejeshwa kushoto, akaanza mechi saba mfululizo. Lakini tarehe 30 Oktoba klabu ilimleta Duane Brown kushika nafasi hiyo, mkongwe ambaye siku moja tu kabla alikuwa ameichezea Houston dhidi ya Seattle hiyo hiyo.

Basi hukumu yangu ni kwamba kule Atlanta Odhiambo hakukosa ushujaa wala mwili, bali mazoea ya mahali. Na makocha wetu wa Nakuru, ikiwa wanatamani kijana wa skramu aifuate njia hiyo, na wamfunze mapema kurudi nyuma kwa miguu yote miwili, maana mchezaji wa akiba hachagui upande atakaoitiwa.