Kukutana na Earthsea Ukubwani

Mwaka 1967 Herman Schein, mwenye kampuni ndogo ya uchapishaji ya Parnassus Press huko Berkeley, California, alimwomba Ursula K. Le Guin amwandikie kitabu cha vijana. Le Guin alikuwa ameshatoa bunilizi za kisayansi, lakini kwa vijana alikuwa hajaandika, na alisita. Kilichomvuta ni swali. Wachawi wa hadithi za Ulaya, akina Merlin, huwa wazee wenye ndevu nyeupe. Je, walipokuwa wavulana walikuwaje, na nani aliwafunza? Akatandika karatasi kubwa, akachora visiwa vilivyotawanyika baharini, akavipa majina, ndipo akaanza hadithi. Kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kikatoka 1968.

Mtu mzima anayekifungua kwa mara ya kwanza huanza kwa kukitilia shaka. Ni chembamba, kina ramani na majoka, na dukani kimewekwa kwenye rafu ya watoto. Baada ya sura mbili tatu shaka hiyo haipo tena. Tena kuchelewa kwake kunampa kitu ambacho mtoto hana. Mtoto anakimbilia kujua nini kitatokea. Yeye ana utulivu wa kutazama jinsi kazi ilivyofanywa.

Shujaa ni Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwenye kipaji kikubwa na majivuno makubwa zaidi. Mtoto humfuata yeye. Mtu mzima humtazama Ogion, mzee aliyemchukua kijana huyo kumfundisha. Siku za mwanzo wanatembea milimani na mvua inanyesha. Mchawi mwingine angeifukuza ikanyeshee kwingine. Ogion anatafuta mti wenye matawi mazito, anajilaza chini yake, basi. Ged amechuchumaa kwenye kichaka kinachochuruzika maji, amekasirika, haoni faida ya kuwa na uwezo usiotumika. Le Guin hasemi nani ana haki. Aliyewahi kulea mtoto au kuongoza watu atatambua papo hapo kwamba somo linaendelea na mwanafunzi halisikii. Kuandika ukurasa mmoja ambao mtoto wa miaka kumi na moja na mzazi wake watausoma, kila mmoja akapata chake bila kumpunguzia mwenzake, ni kazi ngumu kuliko kubuni joka.

Ged anaishia kwenda shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke, karibu miaka 30 kabla ya Hogwarts ya J. K. Rowling. Masomo yake yanachosha kama masomo yoyote ya kweli. Kwenye mnara uliojitenga, wanafunzi hukariri orodha ndefu za majina ya kweli ya vitu, kwa kuwa anayelijua jina la kweli la kitu ndiye mwenye amri juu yake. Orodha lazima ikae kichwani kabla ya saa sita usiku, wino unapofutika wenyewe na ngozi ya kuandikia kubaki tupu. Mwalimu mwingine anageuza kijiwe kuwa almasi, kisha anaeleza kwamba hicho ni kiinimacho tu. Kukigeuza kweli kweli ni kuugeuza ulimwengu, na mizani ya ulimwengu ikiyumba hakuna ajuaye itamwelemea nani. Uchawi wa Le Guin unagharimu, na kwa sababu hiyo unaaminika.

Gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi Low Torning, visiwa vya maskini ambako Ged anapangiwa kazi akishahitimu. Huko anafanya urafiki na Pechvarry, fundi wa kuunda mashua. Pechvarry anamfundisha kuendesha tanga. Ged anazitilia mbao kinga ya maneno. Halafu mtoto mdogo wa Pechvarry anaugua sana. Ged anajua kwamba hakuna la kufanya, lakini mama wa mtoto anamtazama, baba anamtazama, naye anajaribu. Mtoto anakufa. Tukio zima ni la kurasa chache zenye sentensi nyepesi, na ni vigumu kwa mzazi kuzisoma akabaki vilevile. Mwandishi asiyewaamini watoto angemponya yule mgonjwa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakuta na yake. Earthsea ni dunia ya visiwa na matanga, ambamo mtu hawezi kwenda popote bila kuujua upepo. Katika mojawapo ya safari zake Ged anamtibu mvuvi mzee mtoto wa jicho, na mzee anampa mashua yake kuukuu. Anamwomba aiite Lookfar na aichore macho kwenye omo, ili shukrani yake imwangalizie miamba. Anayeyajua macho ya mitepe na ya madau ya Lamu hatahitaji maelezo.

Kuna jambo jingine ambalo Le Guin alilifanya bila kupiga tarumbeta. Ged ana ngozi ya rangi ya shaba. Vetch, rafiki yake wa dhati, ni mweusi. Weupe ni Wakargad, wavamizi wanaotua Gont katika sura ya kwanza. Hayo yametajwa kwa neno moja hapa, jingine pale, mtoto akishampenda Ged tayari. Ilikuwa 1968, nchini Marekani. Wachoraji wa majalada hawakusikia. Kwa miaka mingi walimchora Ged mweupe, na filamu ya televisheni ya 2004 ikampa mwigizaji mweupe. Le Guin aliipinga hadharani kwa maandishi, na alikuwa na kila sababu.

Ufundi wake una sikio pia. Alipoandika Steering the Craft, mwongozo wake kwa waandishi uliotoka 1998, alianza na sauti ya sentensi kabla ya mambo mengine yote. Vitabu vya Earthsea vinathibitisha: visomwe kwa sauti, na pumzi itajua mahali pa kutua.

The Tombs of Atuan kilifuata 1971, The Farthest Shore 1972, na wengi wakadhani hadithi imekwisha. Kisha, 1990, Le Guin akiwa amefikia miaka 60, kikatoka Tehanu. Tenar, kuhani msichana wa kitabu cha pili, sasa ni mjane wa mkulima, analea mtoto wa kike aliyeunguzwa moto vibaya. Ged amepoteza uwezo wake wote na ana haya. Mwana wa Tenar anarudi kutoka baharini, anakula, anaacha vyombo mezani kwa kuwa kuosha si kazi ya wanaume, na katika vyombo hivyo Le Guin anaweka hoja nzima kuhusu dunia aliyoijenga mwenyewe, ambamo uchawi wa wanawake ulidharauliwa. Aliirudia kazi yake na kuihoji bila kuibomoa. Ni waandishi wachache waliothubutu.

Waliokuwa watoto 1972 walisubiri miaka 18 kukipata kitabu hicho, na baadhi yao kiliwaudhi: walikuwa wakimtaka Ged wao wa zamani. Anayeanza leo akiwa mtu mzima anaweza kukifungua jioni ileile anapofunga The Farthest Shore, na kwa umri wake huenda ndicho atakachokipenda kuliko vyote. Juzuu moja iliyotoka 2018, mwaka aliofariki Le Guin, ina riwaya zote pamoja na hadithi fupi. Michoro ni ya Charles Vess, aliyeshauriana naye kwa miaka kadhaa kuhusu sura za watu na majoka, na humo Ged ana rangi yake.