Bibi Aliyetembea Usingizini

Msomaji, nakusihi uufungue mchezo wa Shakespeare uitwao Macbeth, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, ukasome mwanzo wa sehemu ya tano. Wanafunzi wangu hucheka wafikapo hapo. Mke wa mfalme hutoka kitandani usiku hali amelala, taa mkononi, kisha husugua viganja vyake ili aondoe damu ambayo hapana mwingine aionaye. Sikikatazi kicheko hicho upesi. Huwauliza tu ni nani aliyeitambua hali hii kwanza.

Si mfalme, wala si tabibu. Ni mtumishi wa chumbani, mwanamke asiyepewa hata jina. Yeye ndiye ajuaye kwamba mambo yalianza tangu mfalme alipokwenda vitani. Kwamba bibi hutwaa karatasi, huandika, huitia muhuri, kisha hurudi kulala. Kwamba ameamuru taa isikosekane karibu naye. Na kwamba hunawa namna ile hata robo saa. Huo ni ushahidi wa mtu aliyeangalia. Tabibu alikesha naye siku mbili bila ya kuona kitu, akaanza kuwa na shaka.

Rudi sasa katika sehemu ya tatu. Bibi huyu huyu alimwuliza mumewe kwa nini hukaa peke yake na mawazo mazito, na baada ya karamu iliyovurugika akamwambia kuwa amepungukiwa na usingizi. Dalili za mwenziwe alizijua. Zake mwenyewe, kwamba hana raha, alizinena alipokuwa peke yake. Mume alipoingia akazificha. Halafu hatumwoni tena mpaka usiku ule wa taa.

Ninayo lawama moja juu ya mchezo huu. Umefunga ugonjwa pamoja na dhambi, hata tabibu anasema kwamba bibi anahitaji kasisi kuliko daktari. Msomaji kijana aweza kudhani kuwa kila asiyelala analo jambo la kutubu. Sivyo. Maradhi ya akili huwapata wasio na hatia, kama malaria iwapatavyo. Mwenzako akikosa usingizi kwa majuma, akijitenga, akiacha kula, akisikia sauti msizozisikia, au akisema kwamba heri asingekuwapo, hayo ni ya kumwambia mzazi au mwalimu siku ile ile, na ya kumfikisha hospitali. Si ya kumhukumu.

Hata hivyo tabibu alisema neno moja la haki: bibi aondolewe kila awezalo kujidhuru nalo, na macho yasimwache. Mfalme alipopewa habari alidai dawa, kisha akaitisha deraya yake. Hapana aliyeketi na bibi mchana, akiwa macho, akamwuliza lililomsumbua. Haupiti muda mrefu, kilio cha wanawake kinasikika ndani ya ngome. Na mwishoni Malcolm anatoa habari kwamba yasemekana alijiua kwa mkono wake mwenyewe. Hapo darasa halicheki tena. Mwaka uliopita msichana mmoja aliuliza mtumishi yule alikuwa wapi.