"Mtumiaji" au "Mwenye Faili"?

Katika taarifa za nafasi ya diski kwenye mfumo wa Unix, istilahi "mtumiaji" imebebeshwa mzigo usio wake. Mfumo huo haumhesabii nafasi anayeitumia faili, bali yule ambaye namba yake imeandikwa kuwa ni mwenyewe. Karani aifunguaye kila siku hadaiwi hata baiti 1. Aliyeiunda huendelea kudaiwa, hata akiwa amehamishwa, mpaka msimamizi aibadilishe namba. Tafsiri hii yaweza kumletea mtu asiyehusika barua ya kujieleza.

Aidha, amri ya du hujumlisha kwa saraka, wala si kwa watu. Aujuaye mnada wa mifugo wa Pugu ataelewa: zizi moja laweza kuwa na ng'ombe wa wenyewe kadhaa, na kulihesabu zizi si kuhesabu mali ya mmoja wao.

Kwa maoni yetu, "mwenye faili" yafaa zaidi. "Mmiliki" lina harufu ya mahakama, na faili ya serikali si mali ya karani. Hata "mgawo" lina walakini: hakuna nafasi iliyotengwa, na jumla ya migawo yaweza kuizidi diski yenyewe. Liitwe "ukomo".