«Tulimununua ku maternite»: majibu yetu kwa maswali ya watoto juu ya mwili

Mtoto wa miaka 4 anamwangalia mama yake aliyejifungua juzi, anauliza: «Mama, huyu mutoto alitoka wapi?» Mama anajibu bila kufikiri: «Tulimununua ku maternite.» Watu wote nyumbani wanacheka, na mtoto anatumwa inje kucheza. Nani kati yetu hapa Bukavu hajasikia jibu hilo? Sisi wenyewe tulilitoa, tena zaidi ya mara moja.

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusifu desturi zetu. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuzichambua. Tutapima majibu ambayo sisi wazazi tunawapa watoto wadogo, wale wa miaka 3 mpaka 7, wanapouliza juu ya mwili na mambo ya siri.

1. Majibu matatu tuliyozoea

La kwanza ni hilo la kununua. La pili ni la kufukuza: «Nyamaza! Ile ni mambo ya bakubwa.» La tatu ni la kutisha: mtoto akitaja sehemu fulani ya mwili, anaambiwa «ni mbaya», «hauna haya?», na pengine kofi linafuata.

Tusiwahukumu wazazi haraka. Majibu hayo yanatoka katika heshima. Wengi tunaishi katika nyumba za kupanga, chumba na salon, watu 8 au 9 ndani, rido moja tu ikitenganisha wazazi na watoto. Pale ambapo ukuta haupo, kunyamaza kunafanya kazi ya ukuta. Hiyo tunaielewa.

Lakini tupime jibu la kununua kwa akili ya mtoto mwenyewe. Yeye hachezi. Akisikia kununua, anauliza: «Bei ngapi?» Mdogo wake akilia usiku, anasema: «Tumurudishe.» Hapo tunacheka. Lakini hapa kwetu imetokea mara nyingi mama kujifungua na kuzuiliwa hospitalini pamoja na mtoto, juu ya bili ambayo haijalipwa. Watoto wanasikia wakubwa wakichanga pesa «ili mama atoke na mutoto». Kwao, basi, ni kweli: mtoto ananunuliwa. Na mama akirudi mikono mitupu kwa sababu mtoto alifariki, huyu mkubwa wake atafikiri nini, kama si kwamba baba alikosa pesa? Kwa mzaha mmoja tumembebesha mtoto mzigo ambao si wake.

2. Nusu ya desturi

Tunaambiwa: «Ndivyo wazee walivyofanya.» Si kweli kabisa. Wazee waligawanya kazi. Baba na mama walinyamaza, kwani kati ya mzazi na mtoto kulikuwa na haya. Lakini bibi hakunyamaza. Kwa makabila yetu mengi bibi na mjukuu wana utani. Bibi anaweza kumwita mjukuu wake wa kiume «bwana yangu», na watu wanacheka. Ndani ya utani huo mtoto aliuliza alichotaka na alipata jibu, hata kama ni kwa fumbo au kwa hadithi ya jioni. Msichana alipokua, shangazi alimchukua pembeni. Mvulana, kwa Balega, Babembe na wengine, alipitia tohara pamoja na wenzake, na huko kulikuwa na watu wa kumfundisha.

Leo bibi yuko wapi? Amebaki Shabunda, Mwenga ao Fizi, na sisi tuko mjini. Vita vya 1996 na vya 1998 vilitawanya jamaa nyingi. Shangazi yuko mbali na biashara yake, tunaongea naye kwa simu dakika 2. Basi tumebaki na nusu moja ya desturi, ile ya kunyamaza. Nusu iliyosema tumeipoteza njiani. Halafu hiyo nusu iliyobaki tunaiita desturi nzima. Hapo ndipo kosa letu lilipo.

3. Yaliyotupata sisi

Binti yetu alikuwa na miaka 6. Siku kadhaa alikuwa akikataa kula, akilala mapema. Mama yake alimuuliza: «Unaumia wapi?» Akaonyesha tumbo. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi akauliza vilevile, naye akaonyesha tumbo. Akapewa dawa ya minyoo. Siku ya tatu homa ilipanda usiku. Asubuhi tulimpeleka mahali pengine, na huko mama mmoja muuguzi alituomba tutoke kidogo, mke wangu na mimi. Alipotuita tena, alisema: «Mutoto anaumia akienda kukojoa. Ni siku mingi.»

Kwa nini hakutuambia sisi? Alijibu mwenyewe, tukiwa njiani kurudi: «Mulisema pale ni mbaya.»

Alipona kwa dawa za siku 7. Lakini sisi, wenye diploma ya ISP, tunaofundisha biolojia, tulirudi nyumbani tukiwa wadogo. Darasani tunaandika ubaoni majina yote ya viungo vya uzazi kwa Kifaransa, na wanafunzi wa miaka 14 wanayakariri, kwani Kifaransa hakiwapi haya. Kwa lugha ya nyumbani hawana hata neno moja la kumwambia mama.

Kuna jambo zito zaidi. Mkoa wetu unajua ubakaji wa watoto. Mwaka 2017, huko Kavumu, mahakama ya kijeshi ilihukumu kundi la wanaume waliobaka watoto wadogo wa kike. Hatutaki kudanganya: neno halizuii mlango kuvunjwa usiku. Lakini mtu anayemdhuru mtoto pengine ni wa nyumbani ao jirani, na silaha yake ni kimya cha mtoto. Sheria ya 2006 inaadhibu ubakaji, na ile ya 2009 inamlinda kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria hizo zitamsaidia vipi mtoto ambaye hana neno la kusema kilichompata?

4. Mwili una hodi yake

Tufanye nini, basi? Hatuombi wazazi wafundishe biolojia kwa mtoto wa miaka 4. Akiuliza mtoto anatoka wapi, inatosha kusema: «Alikomaa ndani ya tumbo la mama, akatoka.» Mara nyingi ataridhika na kwenda kucheza. Akiuliza tena mwaka kesho, tutaongeza kidogo. Tusipojua la kusema, tuseme «nitakujibu jioni», na jioni tumjibu kweli.

Viungo tuvipe majina. Kila nyumba ichague neno la heshima, la Kiswahili ao la lugha ya kabila, lakini mtoto alijue na mzazi asikasirike akilisikia.

Kuhusu siri, desturi yetu imekwisha kutupa chombo: hodi. Mtoto wetu hawezi kuingia kwa jirani bila kupiga hodi. Tumwambie kwamba mwili nao una hodi yake. Ndiyo maana mama anafunga rido akioga. Ndiyo maana yeye, akifikia umri wa kujiosha, hataogeshwa tena katikati ya parsele mbele ya wapita njia. Na mtu akimgusa bila hodi, kisha akamwambia «usiseme», aseme palepale, hata kama mtu huyo ni mjomba, ni mwalimu, ni mgeni wa heshima.

Hapa sisi wakubwa tunapaswa kujirekebisha. Tunamlazimisha mtoto akae juu ya mapaja ya mgeni asiyemtaka, «juu asionekane hana adabu». Mgeni akilala kwetu, tunamweka kitanda kimoja na watoto. Ukarimu ni mzuri, lakini mkeka wa mgeni unaweza kutandikwa salon.

Na wenye bibi bado hai, wampeleke mtoto kwake wakati wa likizo. Wasio naye, wajue kwamba kazi ya bibi imewaangukia wao. Haya ya wazee haikuwa ya kumnyima mtoto jibu. Kila mara palikuwa na mtu wa kumjibu. Tukitaka kuhifadhi desturi, tuihifadhi yote.